Unarusha laivu kwa programu ya AGPL? Panga haya kabla mtu hajakuuliza msimbo uko wapi

Mzee mmoja wa kanisa ambalo nawahudumia mambo ya laivu alinipigia saa tatu usiku, nishakaa mezani nala, ananiambia kijana nimesikia ile programu uliyotuwekea ni ya bure lakini ina kifungu kinambana mtu akiitumia mtandaoni, eti tutatakiwa kutoa siri zetu zote hadharani, ni kweli? Nikamwambia shikamoo mzee, kalale tu, siri za kanisa haziguswi, ila kuna kitu kweli tunadaiwa na kosa ni langu mimi sio lenu. Maana miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeifungua ile PeerTube yao (programu ya wazi ya kurusha video, leseni yake ndo hiyo AGPL) nikaweka kitufe cha kuchangia kwa simu pembeni ya video, kazi ikapendeza, wote tukafurahi, afu nikasahau kabisa kwamba nikishagusa pale kuna mtu natakiwa kumpa msimbo.

Kwaiyo haya ndo nayoyafanya saivi kila nikifunga mtambo wa kurusha video au redio. Naandika "msimbo" makusudi, yaani yale maandishi ambayo programu imeandikwa nayo, source code, maana nikiandika kodi mwingine atadhani nawasema TRA na mwingine atadhani naongelea ile Kodi ya kuangalia muvi kwenye TV.

Kinachodaiwa hasa ni nini

Chukulia kibanda umiza. Unatoa hela yako, unakaa kwenye benchi, unaangalia mechi, unaondoka. Dishi na king'amuzi vinabaki kwa mwenye kibanda. Leseni ya GPL ya kawaida, inayotumiwa na programu nyingi za wazi, inamfikiria mtu anayebeba king'amuzi kwenda nacho nyumbani, huyo ndo ana haki ya kuambiwa kimetengenezwaje na kupewa uwezo wa kukifungua. Wa kwenye benchi haidai chochote kwa niaba yake. Na GPL toleo la 3, lililotoka Juni 2007, imeandika kabisa kwamba mtu akitumia programu kwa mtandao tu bila kupewa nakala yake, hiyo haihesabiki kama kugawa.

Sasa kwenye kustrimu karibu watu wote ni wa benchi. Programu iko kwenye seva yako, mtazamaji anapata picha na sauti basi. Maana yake kampuni ingeweza kuchukua programu ya wazi, ikaiboresha miaka kumi, ikapata wateja dunia nzima, na isirudishe hata mstari mmoja na isiwe imevunja kitu. Hilo tundu lilianza kuzibwa 2002 kwa leseni ya kwanza ya Affero, halafu tarehe 19 Novemba 2007 Free Software Foundation wakatoa GNU AGPL toleo la 3, ambayo ukiisoma ni GPL ileile ya 3 ila kifungu cha 13 ndo kimebadilika. Kinasema hivi kwa maneno yangu: ukibadilisha programu, na watu wanaitumia kwa mbali kupitia mtandao, basi toleo lako liwape hao watu wote, kwa namna inayoonekana waziwazi, nafasi ya kupata msimbo wa hilo toleo lako kwenye seva ya mtandaoni bila malipo.

Yaani mwenye kibanda akifungua king'amuzi akachomelea kitu chake ndani, hata wa kwenye benchi wana haki ya kuuliza umechomelea nini.

Angalia, hapo kuna masharti mawili: umebadilisha, na watu wanaitumia kwa mtandao. Yote mawili yawepo. Kama umeisimika ilivyo hujagusa kitu, kifungu cha 13 hakikudai, hata uwe na watazamaji milioni na unawatoza kila mwezi. Hapa ndo watu wengi wanapotishana bure, utasikia "AGPL hairuhusu biashara". Inaruhusu. Weka matangazo, uza tiketi, fanya unachotaka.

Jua una nini kwenye mtambo

Kabla ya kuogopa au kujiamini, orodhesha kila programu iliyo kati ya kamera na mtazamaji. Ukifanya hii kazi mara ya kwanza utashangaa. Nilikuwa nadhani mtambo wa kanisa una programu moja, kumbe zilikuwa nane.

Kwa zile ambazo watu wengi wanazitumia hali iko hivi. Zenye AGPL ni PeerTube ya Framasoft kule Ufaransa, OvenMediaEngine ambayo ni seva ya kurusha laivu, MediaCMS, Funkwhale ya muziki, na kwa watu wa redio AzuraCast na LibreTime. Zenye GPL ya kawaida ni Jellyfin, Navidrome, Icecast, OBS, Kodi yenyewe, hizi hazina kifungu cha mtandao, ukizibadilisha zikabaki kwenye seva yako hakuna anayekudai. Kisha kuna zile zenye leseni za MIT na BSD ambazo hazidai karibu kitu zaidi ya kuacha jina la mwenye kazi: Owncast, MediaMTX, SRS, nginx na ile moduli yake ya RTMP.

Na usiishie kwenye programu ya video peke yake. Video unazihifadhi wapi? Kama ni MinIO, hiyo ilitoka leseni ya Apache ikaingia AGPL mwaka 2021. Grafana unayoangalia nayo grafu za seva, hivyohivyo, 2021. Redis, ya kuhifadhi data za muda, ambayo PeerTube inaihitaji, ilikuwa BSD, Machi 2024 wakaitoa huko, Mei 2025 wakaongeza AGPL kama chaguo mojawapo. Sasa uzuri ni kwamba hizi za pembeni karibu hakuna mtu anayezifungua kuzibadilisha, unazisimika tu, kwaiyo hazikudai. Ila ziandike kwenye orodha, kwa sababu siku kijana mpya wa IT atakapoamua kurekebisha kitu ndani ya MinIO uwe ushajua.

Usiamini orodha yangu wala ya mtu mwingine, fungua faili linaloitwa LICENSE kwenye toleo lilelile ulilonalo wewe. Leseni zinabadilika kati ya toleo na toleo. Jellyfin yenyewe ilizaliwa Desemba 2018 kwa sababu Emby walifunga msimbo wao, watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi wakaendelea nalo kivyao. Kwenye folda ya programu andika `grep -ril affero .` itakuonyesha mafaili yote yenye hilo neno, ukikuta limo kwenye LICENSE ya juu kabisa soma kichwa chake, maana GPL ya 3 nayo inalitaja hilo neno ndani, kichwa kikisema GNU Affero General Public License basi uko kwenye AGPL, ukilikuta ndani ya folda za maktaba ndogondogo (misimbo ya watu wengine ambayo programu inaitumia) hapo inabidi usome taratibu.

Kuna moja ya kutofautisha, SSPL, ambayo MongoDB waliileta Oktoba 2018. Inafanana na AGPL kwa sura ila ukiwauzia watu hiyo programu kama huduma inataka utoe mpaka programu zote unazoiendeshea. OSI, shirika linaloidhinisha leseni za msimbo wazi, hawaitambui kama mojawapo. Ukikutana nayo usiichukulie kama AGPL, ni mnyama mwingine. Na kwa upande mwingine EUPL ya Umoja wa Ulaya na OSL 3.0 nazo zinahesabu matumizi ya mtandaoni kama kugawa, hazionekani sana kwenye video ila zipo.

Je, umebadilisha?

Swali linaonekana la kitoto lakini ndo lenye kesi. Watu wanasema "sijabadilisha kitu nimerekebisha kidogo tu". Kurekebisha ndo kubadilisha mkuu.

Kujaza mafaili ya mipangilio sio kubadilisha programu. Server.xml ya OvenMediaEngine, production.yaml ya PeerTube, jina la kituo, logo uliyopandisha kwenye ukurasa wa admini, kuwasha na kuzima vitu, yote hayo programu yenyewe imekuachia nafasi uyajaze. Lakini ukifungua faili la msimbo ukabadilisha hata mstari mmoja, umebadilisha. Ukifuta yale maandishi ya "inaendeshwa na PeerTube" kwenye msimbo, umebadilisha. Na hili watu hawalifikirii: ukiona tafsiri ya Kiswahili imekaa vibaya ukaingia kwenye faili la lugha kwenye seva yako ukairekebisha ukajenga upya, umebadilisha pia. (Tafsiri afadhali uipeleke kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria, ya mradi wenyewe, inarudi kwako toleo linalofuata na hudaiwi kitu, na wenzako wananufaika.)

Katikati kuna ukungu. PeerTube ina sehemu kwenye admini ya kubandika CSS na JavaScript zako. CSS mimi nahesabu ni mpangilio. JavaScript ya mistari mitatu pia. Ila nikishaandika JavaScript ndefu inayobadilisha jinsi pleya inavyofanya kazi, naiweka wazi pamoja na nyingine, sio kwamba nina uhakika sheria inataka, ni kwamba kuiweka wazi kunanichukua dakika tano na kubishana kunaweza kuchukua mwaka.

Kama hukumbuki uligusa nini, au mtambo umeurithi kwa fundi aliyeondoka, pima. Kama ilichukuliwa kwa Git, `git status` kisha `git diff` dhidi ya toleo lililotolewa rasmi, mfano `git diff v7.0.0`. Kama ilisimikwa kwa zip, pakua zip ya toleo lilelile uifungue pembeni kisha `diff -rq folda1 folda2`. Kama ni kontena, `docker diff jina` itakuonyesha mafaili yaliyoongezwa na yaliyobadilishwa tangu kontena ianze, lakini angalia na ile Dockerfile iliyojenga imeji, kuna mafundi wanabandika mafaili yao juu ya yale ya asili wakati wa kujenga na hapo `docker diff` haitaona kitu.

Nani wa kupewa

Kifungu kinasema watumiaji wote wanaoitumia kwa mbali. Sio dunia nzima. Kama mtambo wako ni wa ndani ya kampuni, mafunzo ya wafanyakazi, basi wanaodai ni hao wafanyakazi wanaoingia. Kama ni kwa wanachama waliolipia, ni hao. Ila mmoja wao akishapata ule msimbo ana ruhusa kamili ya kuusambaza kwa amtakaye, huwezi kumsainisha karatasi ya kutunza siri. Kwa mtambo ulio wazi kwa umma, mtumiaji ni yeyote anayefungua ukurasa, hata asiye na akaunti.

Kuna ubishi watu wanaupenda kuhusu CDN, yaani mtandao wa seva za kampuni nyingine zinazokusambazia video. Mtazamaji anavuta vipande vidogovidogo vya video (HLS) kutoka kwenye seva za kampuni ya CDN, haongei na OvenMediaEngine yako moja kwa moja, je anaitumia? Unaweza kujenga hoja kwamba haitumii. Mimi siijengi. Huyo mtu yupo kwenye ukurasa wako anabonyeza pleya yako, weka linki chini ya pleya maisha yaendelee. Ukiwa na WebRTC ndo kabisa, hapo anaongea na seva yenyewe. Kuiweka nyuma ya nginx pia hakubadilishi chochote, nginx ni mlango tu.

OvenMediaEngine ina jambo lake, yenyewe haina ukurasa wa mtazamaji, ni seva tupu, kwaiyo hakuna pa kuandika linki ndani yake. Iweke kwenye ukurasa wenye pleya. Cameraman anayetuma kwa OBS kutoka ukumbini naye ni mtumiaji, huyo mtumie linki pamoja na zile anwani za kutumia video, imeisha.

Kuweka msimbo wazi, hatua kwa hatua ila zisikuchoshe

Fungua repo, yaani ghala la msimbo mtandaoni, kwa jina la mwenye mtambo, sio lako fundi. Codeberg, GitLab, GitHub, au Forgejo ya kwenu wenyewe, popote ilimradi mtu anapakua bure. Anza na historia ya mradi wa asili, usiweke zip iliyokauka, halafu mabadiliko yako yakae kwenye tawi lake juu ya toleo ulilolitumia. Hii ni kwa faida yako kuliko ya yeyote, siku ya kupandisha toleo jipya utajua umegusa wapi.

Kinachotakiwa humo ni kila kitu cha kumwezesha mtu kujenga, kusimika na kuendesha toleo lako: msimbo, skripti za kujengea, Dockerfile, mafaili yanayotaja matoleo ya maktaba. Ukimpa mtu msimbo usiojengeka hujampa kitu.

Kisichotakiwa ni paswedi, funguo za TLS, `.env`, production.yaml yako halisi, database ya watumiaji, video zenyewe, orodha ya waliochangia. Leseni ni ya programu, haigusi mnachorusha. Hapa nikiri, ile usiku nimekata simu ya mzee nikataka kumaliza haraka, nikapandisha folda nzima kama ilivyo, na ndani kulikuwa na paswedi ya database. Asubuhi naamka nakuta majaribio ya kuingia kwenye seva hayahesabiki. Bahati database ilikuwa haifikiki kutoka nje. Ikikutokea, usihangaike kwanza kufuta faili, maana ukilifuta kwenye komiti inayofuata bado lipo kwenye historia na kuna roboti zilishalisoma. Badilisha paswedi kwanza, hapohapo, halafu ndo usafishe historia. Na kabla ya kupandisha weka mafaili ya siri kwenye `.gitignore`, na humo ndani acha mfano wa faili la mipangilio lenye thamani za uongo ili mtu ajue linajazwaje.

Halafu linki. "Waziwazi" maana yake mtu aione bila kutafuta, mimi naweka kwenye ukurasa chini ya pleya na kwenye ukurasa wa Kuhusu. Linki ielekee kwenye toleo linaloendeshwa leo, sio la mwaka jana. Hiki ndo kinachowashinda wengi, wanaweka linki siku ya kwanza kwa nguvu zote, baada ya miezi mitatu wameongeza vitu kumi kwenye seva repo imelala. Dawa yake ni kuiondoa mikononi mwa binadamu: skripti ya kujenga ichukue namba ya komiti kwa `git rev-parse --short HEAD`, iibandike kwenye linki, na ikikuta kuna mabadiliko hayajapandishwa ikatae kujenga. Tangu niweke hivyo sijasahau tena, sio kwa uadilifu, ni kwamba siwezi.

Usiweke "tuandikie barua pepe tukutumie msimbo". Kifungu cha 13 kinataka upatikane kwenye seva, bure. Usimwombe mtu ajisajili wala aeleze anautakia nini.

Mfano mkubwa wa kusahau hili unajulikana, Truth Social, mtandao wa kijamii wa Trump. Oktoba 2021 ukurasa wao ulionekana mtandaoni na watu wakagundua mara moja kwamba ndani ni Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii ambayo ni AGPL, msimbo hawajauweka popote. Mastodon wakawaandikia barua, Software Freedom Conservancy nao wakapiga kelele, na Novemba ukatokea msimbo kwenye faili la zip kwenye tovuti yao. Mastodon sio programu ya video lakini kifungu ni hichohicho.

JavaScript, app na sanduku unalomuuzia mteja

Hapa ndo mtu anadhani anashughulika na kifungu cha mtandao kumbe amerudi kwenye ugawaji wa kawaida. Sehemu ya mbele ya PeerTube ni JavaScript, na JavaScript inashuka kwenye braoza ya mtazamaji. Hiyo ni nakala, umempa. Kwa hilo hata leseni ingekuwa GPL tupu bado ungedaiwa msimbo, na ile JavaScript iliyobanwa ikawa mstari mmoja wa herufi elfu hamsini sio msimbo chanzo, ni kama umempa mtu mchuzi akakuuliza umeweka nini ukamwambia onja.

App ya simu vilevile. Ukichukua app ya wazi ukaibadilisha jina na rangi ukaiweka Play Store, umegawa. Upande wa Apple kuna historia, VLC iliondolewa kwenye App Store Januari 2011 baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka hayaendani na GPL, ikarudi 2013 baada ya kubadilishiwa leseni. Kwaiyo kama unapanga app ya iPhone juu ya msimbo wa GPL au AGPL ambao sio wako, waulize wenyewe kabla hujamwahidi mteja.

Na kuna biashara ya kuuza kiboksi, ile kompyuta ndogo ukishaifunga kila kitu unampelekea mwenye redio anachomeka umeme. Hapo umegawa kila programu iliyo ndani, ikiwemo ffmpeg, ile ya kubadilisha video na sauti. ffmpeg yenyewe ni LGPL, leseni nyepesi kuliko GPL, lakini ikijengwa na `--enable-gpl` ili upate x264 inageuka GPL, na ikijengwa na `--enable-nonfree`, mfano kwa ajili ya libfdk-aac, hairuhusiwi kugawiwa kabisa. Ikiwa kwenye seva yako mwenyewe hakuna shida, tatizo linaanza ukiitia kwenye kiboksi au imeji ya Docker ya kumpa mtu. Andika `ffmpeg -L` ikuambie ina leseni gani, `ffmpeg -version` ikuonyeshe ilijengwa na nini.

Vitu vyako vya siri vikae wapi

Una mfumo wa kulipia, una hesabu zako za kupendekeza video, hutaki kuzitoa. Sawa. Usiziandike ndani ya programu ya AGPL. Zijenge kama huduma yake inayojitegemea, inaongea na PeerTube kwa API (mlango wa programu kuongea na programu) kupitia mtandao, ina database yake. Hiyo ni programu nyingine. PeerTube inavyoiita ffmpeg ni mfano huohuo, inaianzisha kama programu ya pembeni, haijaungana nayo. Plagini ni kitu kingine, inaingia inakaa ndani ya mchakato uleule inaitana na vitu vya ndani, mimi plagini zote nazihesabu AGPL na sibishani. Kile kitufe cha kuchangia nilikigawa hivyo: kitufe chenyewe kiko wazi kwenye repo, ila kinachopokea malipo na kujua nani katoa shilingi ngapi kiko kwenye seva nyingine na hakitoki.

Kuchanganya misimbo: MIT, BSD na Apache 2.0 zinaingia ndani ya AGPL bila ugomvi. GPL ya 3 na AGPL ya 3 zimeruhusiwa kuunganishwa, imeandikwa kwenye kifungu hichohicho cha 13. Kilichoandikwa GPL 2 peke yake bila "au la baadaye" hakiungani na AGPL 3, usikopi msimbo wake ukabandika. Na ukiona AGPL haikufai kabisa kuna miradi inauza leseni nyingine, OvenMediaEngine wana toleo la Enterprise, lipia uendelee.

Kwa mafundi tunaofanya kazi za watu, anayedaiwa na watazamaji ni anayeendesha mtambo, yaani mteja. Ila wewe fundi ukishamkabidhi toleo ulilolibadilisha umemgawia, naye anakudai msimbo. Usimfanye mtu ajikute anadaiwa kitu ambacho wewe umekificha kwenye laptop yako. Naandika mstari mmoja kwenye mkataba, repo ni ya mteja, mimi nitaihuisha mpaka siku kazi inaisha.

Barua ikija, usifoke wala usikimbie kuzima. Kifungu cha 8 kinasema kama ni mara yako ya kwanza kwa mwenye haki huyo na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa, haki zako zinarudi kama zilivyokuwa. Siku 30 ni nyingi sana kwa kazi ya kupandisha repo. Jibu siku hiyohiyo kwamba umeipata na unashughulikia.

Ah na leseni hizi za programu hazihusiani na ile ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, wala na nyimbo unazopiga, huko kuna COSOTA, na kwa wenzetu Kenya ni KECOBO. Nimeulizwa mara nyingi, "si programu ni ya wazi, basi naweza kupiga wimbo wowote". Hapana.

Maandishi ninayoweka chini ya pleya ni haya, nakili tu: "Ukurasa huu unatumia PeerTube tuliyoibadilisha. Msimbo wa toleo letu uko hapa, ni bure kwa leseni ya AGPL toleo la 3." Neno "hapa" ndo linki.

Nilipomwonyesha yule mzee akasema yanajaza ukurasa, niyapunguze yawe madogomadogo kule chini kabisa. Nikamwambia mzee kifungu kinataka yaonekane waziwazi. Akafikiri kidogo akasema basi yaweke chini ya namba ya sadaka, ile wote wanaisoma.